Saruni Anayopewa Aflah

Ijumaa, 2 Oktoba 1998

Leo tena! Chakula cha mchana kwa wakwe, Sidab. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, nimekula mpaka nimelegeza mkanda. Baada ya chakula, ndiyo ada ya nyumba ile, wanaume tunavua dishdasha, kanzu zetu za Kiomani, tunapewa saruni, tunajinyoosha sebuleni. Bi Muhsina, mama mkwe, kaja na mbili mkononi. Aflah, aliyemuoa shemeji yangu Ghadeer juzi juzi tu, kapewa mpya. Ya Malaysia, miraba ya zambarau, bado ina mikunjo ya karatasi yake. Mie? Lile tambara langu la siku zote. Limepauka hata miraba haionekani, na gotini lina tundu.

Mie nimemuoa Kawthar, dada yake Ghadeer, zamani, Aflah akiwa bado skuli! Kalala ndani ya mpya yake, anakoroma. Mie nimekodolea macho feni. Nitasema kweli, kwa kuwa shajara haicheki: imeniuma. Nimelelewa kwa ami yangu, nikila wakishakula watoto wake. Nnachotaka duniani ni nyumba moja tu inihesabu mtoto wao.

Jumatatu, 5 Oktoba

Mpango nimeupata ofisini, badala ya kazi. Nitalipasua tambara. Likipasuka vibaya litakwenda jikoni kushikia masufuria, na mie nitapewa mpya. Akili hizi wizara haizijui!

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimepasua. Kidole kwenye tundu, vuta, mpaka pajani. Nikapiga ukelele wa mshangao. Bi Muhsina kanitazama, kaniita mharibifu, kaleta sindano. Kaishona papo hapo nami nimo ndani, kimya, naogopa kuchomwa. Halafu kanisimamisha, kanishika mabega, kanigeuza. Ule ukanda wa rangi nzito wa saruni mwanamme huuweka nyuma, mara ngapi kashanambia? Mbele ya Aflah! Na Aflah naye ukanda wake uko mbele vile vile, lakini yeye kaambiwa saruni imempendeza.

Kisha nikatumwa nikabadilishe mtungi wa gesi. Aflah alipoinuka kunisaidia, Mzee Harub, baba mkwe, kamzuia. Akae, apumzike. Khaa! Kwa hiyo mie ndiye boi wa nyumba.

Jumatano, 14 Oktoba

Sokoni Matrah. Nimenunua saruni yangu mwenyewe, miraba ya kijani. Muuzaji kaapa imetoka Malaysia. Ngumu kwa wanga, inakaribia kusimama peke yake. Kawthar kauliza ya nini. Nimemwambia ataona.

Ijumaa, 16 Oktoba

Wameona.

Niliingia sebuleni taratibu, nimejivuna, wapate kuitazama vizuri. Kumbe saruni yenye wanga haishiki kiunoni mpaka ifuliwe! Nikainuka kuwamiminia kahawa, saruni ikabaki sakafuni. Alhamdulillahi nilivaa bukta. Aflah katazama dari. Mzee kacheka mpaka kakohoa. Bi Muhsina hakucheka. Kaliokota lile kuukuu alilokuwa kanitolea, kalikunja polepole, kaingia nalo ndani.

Njiani, tunapita milimani kurudi kwetu Amerat, Kawthar kanieleza. Lile tambara ni saruni ya Mzee mwenyewe, aliyokuwa akilalia. Hajapata kumpa mtu, hata mdogo wake, ila mie, Ijumaa yangu ya kwanza pale. Zile mpya za kabatini ni za wageni. Mama yake kamuuliza jikoni amemkosea nini mwanawe, yaani mie.

Nikapunguza mwendo, nikatafuta pahala pa kugeuza gari nikamwombe radhi. Halafu nikalikumbuka tundu la gotini. Ah, maneno ya kunifariji tu! Kawthar atawatetea wazazi wake, afanye nini? Nani ampe mwanawe tambara, mpita njia ampe mpya? Nikakanyaga mafuta.

Ijumaa, 23 Oktoba

USHINDI! Mpya! Ya Malaysia, buluu, nzuri kuliko ya Aflah, kaitoa kwenye karatasi mbele ya macho yangu. Bi Muhsina kanipa kwa mikono miwili. Hakunigeuza, hakunigombeza. Kaniita Bwana Msellem! Nilipotaka kutandua sufra ya chakula kaniomba nikae, nistarehe. Kaniuliza hali ya ofisini na kama jamaa zangu hawajambo. Mzee naye kavaa kanzu yake mchana kutwa, hakujinyoosha, kakaa na mie akinizungumzisha mambo ya hali ya hewa.

Mlangoni Bi Muhsina kanishukuru kwa kuja. Kaomba siku nyengine tupige simu kwanza, wapate kujitayarisha. Miaka yote hii hajanishukuru hata mara moja! Na Aflah kasikia kila neno.

Haya sasa. Nimekuwa mtoto wa nyumba ile.

Kawthar kalia njia nzima mpaka Amerat. Furaha hiyo, masikini.