Rubani wa Uzito wa Mchanga

Jumatatu, 4 Machi
Mgongo umekufa ganzi. Tumeipandisha ndege ya umeme juu ya mito ya hewa, tukaibandika nyaya mabawani kama mgonjwa mahututi. Haijaruka hata siku moja. Wahandisi wanataka kwanza kuitikisa, waone inavyotetemeka. Kwenye kiti cha rubani, mifuko ya mchanga, uzito wa mtu mzima. Nikajitolea kukaa mimi. Mhandisi mkuu, tunamwita Mama Kimya, akasema mfuko haujikuni. Dharau!

Jumanne, 5 Machi
Mke wangu kapiga simu. Mama mkwe anauliza picha yangu nikiwa kwenye usukani iko wapi. Nilimwambia mimi ni rubani, naye kautangazia ukoo mzima. Jumapili wanakutana kwake. Bila picha nitaitwa mwongo. (Mwongo kweli mimi, ila wao hawajui.)

Kibarua mwenzangu, Mrefu, ana simu nzuri. Atanipiga picha, mradi nimbebee mifuko yake ya mchanga wiki nzima. Mnyonyaji! Nimekubali.

Jumatano, 6 Machi
Saa ya chakula nikatoa mifuko, nikaingia. Kiti laini ajabu! Mrefu akainua simu. Mara Mama Kimya na watu wake hao! Mrefu akayeyuka. Nikajifunika turubai la mifuko, nikawa mchanga.

Mtambo ukawashwa. Ndege ikatikisika taratibu, kama mtoto anayebembelezwa. Nikaapa sitalala.

Alhamisi, 7 Machi
Nililala. Eti kompyuta ilionyesha mtetemo wa ajabu, unapanda, unashuka. Mama Kimya alishaagiza bawa la kushoto lifunguliwe ndipo akasikia mchanga unakoroma. Kafunua turubai. "Wewe baba, mfuko gani huu unatoa udenda?" Nimehamishiwa kufagia nje.

Mrefu alikuwa karudi kuchungulia, akacheka mpaka akakaa chini. Lakini kumbe kapiga picha! Mdomo wangu wazi, usukani unaonekana. Nimeituma hivyo hivyo.

Jumapili, 10 Machi
Mama mkwe kapiga mwenyewe. Nyuma yake wajomba, mashangazi, makelele. "Mwanangu, mbona umelala na ndege iko hewani?"

Nikamwambia ndege za umeme zinajiendesha, rubani kazi yake ni kuwepo tu. Vigelegele! Sasa anataka nipite juu ya nyumba yake, majirani waone.

Nilikusudia kabisa kusema ukweli. Nikajikuta namwambia nitapita Jumamosi asubuhi, na waanue nguo kambani mapema, maana upepo wa ndege si mchezo.