Waifai ya Bwana Zakir

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimefanya jambo la kijinga. Naliandika hapa kwa kuwa sina pengine pa kulisema.

Nilichukua laptopu ya Mejumaa bila kumwambia. Ni ya zamani, nzito kama tofali, na ni yake. Lakini mimi ndiye niliyemnunulia, basi nikajiona nina haki ya kuitembeza. Nikaenda nayo barazani kwa Chonga, muuza kahawa, wanapokaa wanaume wa mtaa wetu baada ya alasiri. Nilitaka waone kwamba karani wa duka la rangi naye ana kompyuta. Nikaifungua magotini. Nikakunja uso. Nikapigapiga vitufe. Mmoja akauliza kama ni barua ya ofisi. Nikasema ni mambo ya siri. Raha iliyoje!

Wakati wa kuondoka ilinichomoka kwapani, hatua tano tu kutoka barazani, ikagonga jiwe kwa ubavu. Si sana. Iliwaka vizuri. Lakini ukingo wa mbele umepata mchubuko wa urefu wa kidole. Nikanunua tepu nyeusi, ile ya mafundi wa umeme, nikabandika ukingo wote toka pembe hadi pembe, nikaikandamiza kwa mgongo wa kijiko mpaka ikalala sawasawa. Safi. Ungedhani imetoka kiwandani hivyo.

Mejumaa aliporudi akaiona tepu. Nikamwambia ni kinga ya vumbi. Akashukuru. Kisha akaiwasha, akasema waifai haipo.

Waifai ni ya Bwana Zakir, mwenye duka la vifungo na nyuzi hapo chini. Ametuachia sisi wa ghorofani tuitumie tangu mwaka juzi, na hajawahi kulitaja hilo hata mara moja. Mejumaa anaihitaji kuliko sote. Jumamosi saa nane mchana ana mtihani wa mwisho wa stashahada ya ualimu wa chekechea. Ni wa mdomo, mbele ya kamera ya kompyuta, na chuo kimekataza simu. Miaka minne amekuwa msaidizi, kazi yake kufuta watoto makamasi. Akifaulu atapewa darasa lake mwenyewe muhula ujao. Akikosa, nafasi inakwenda kwa mwingine. Mwalimu mkuu ameshamwambia.

Akaniuliza kama kompyuta imepatwa na jambo. Nikasema haijapatwa na lolote, ni Zakir huyo, amebana waifai yake. Yalinitoka tu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimechunguza. Simu yangu inapata waifai ya Zakir bila taabu. Kompyuta haioni kitu, si ya Zakir wala ya mtu mwingine yeyote. Mtu wa haraka angesema kasoro iko kwenye kompyuta. Mimi nimeona mbali: Zakir ameruhusu simu akafungia kompyuta, kwa kuwa kompyuta zinakula zaidi.

Nikawaeleza wa barazani. Nilikusudia kumwambia Chonga peke yake, lakini kikombe cha pili kilinikuta nawaeleza watu saba. Nikasema wako matajiri wanaoweza kumkosesha mama wa watu mtihani kwa ajili ya waifai. Sikutaja jina. Nilielekeza kidole tu.

Jioni nikaenda dukani kwake kupeleleza. Kompyuta nimeitia kikapuni ikiwa imewashwa, juu nimefunika mchicha. Nikanunua kifungo kimoja cha shati. Nikasogelea kile kisanduku chake cha waifai chenye taa za kijani, nikachungulia kikapuni. Hakuna. Nikanunua cha pili. Nikasogea tena. Kufikia kifungo cha sita nilikuwa nimekiegemea kisanduku chenyewe kwa kiwiko, na kompyuta inavuma chini ya mchicha. Bwana Zakir hakuuliza kikapu changu kina nini. Aliuliza mtihani wa Mejumaa ni lini, akasema anamwombea, kisha akanipa kifungo cha saba bure, niwe na cha akiba.

Nimerudi na vifungo saba vya rangi saba. Nimeona haya kidogo. Lakini mtu asiye na hatia, ukarimu wote huo wa nini?

Jumatano, 6 Agosti

Chonga anasema huenda ni kijicho. Niliionyesha kompyuta mbele ya macho ya watu wengi, na yumo mmoja pale barazani ambaye kitu hakiponi akikitazama. Mbona sikuliwaza hilo!

Nikaaga kazini mapema, nikasingizia kichwa. Nikachukua chetezo cha Mejumaa, nikatia makaa, nikatia udi, ule mzuri aliokuwa akiuweka kwa ajili ya Idi. Nikaisimamisha kompyuta juu ya chetezo imefunguka kama hema. Nikajifunika nayo shuka. Nikasoma nilichokumbuka.

Matokeo: kope za jicho la kushoto zimeungua. Majivu yameingia kwenye vitufe. Herufi M haibonyezeki, na mimi naitwa Mung'aro na mke wangu Mejumaa. Waifai hakuna. Ila inanukia vizuri.

Mejumaa akaingia ningali ndani ya shuka. Akauliza, taratibu, ninafanya nini. Nikasema naikausha, imeingia unyevu wa bahari. Akasema basi tuipeleke kwa fundi, yuko Kamaludin pale Majengo, watu wanamsifu. Fundi si ataibandua tepu? Nikamwambia mafundi wa siku hizi wanaiba vyuma vya ndani, na isitoshe mimi mwenyewe nina cheti cha kompyuta. Ninacho kweli, cha wiki mbili, cha kupiga chapa. Akasema basi ataufanyia mtihani wake saiba, kwenye kompyuta za kukodi, karibu na Posta. Nikasema mke wangu hafanyi mtihani katikati ya watu wanaotoa nakala za vitambulisho. Nikampa neno langu kwamba Ijumaa itakuwa tayari.

Akaniuliza tena kama kuna jambo ningependa kumwambia. Nikasema udi umekwisha.

Alhamisi, 7 Agosti

Sikwenda kazini. Kichwa tena. Nimepanda juu ya nyumba na kompyuta na kifuniko cha sufuria kubwa ya pilau, nikitumaini kitavuta waifai kama dishi la televisheni. Saa nzima juani nimekishika, nakigeuza huku na huku. Jirani wa nyumba ya pili alidhani naanika samaki, akauliza kama ni papa.

Nikiwa huko huko juu nikamwona fundi wa kampuni ya intaneti, na ngazi begani, anaingia dukani kwa Zakir. Nilipiga kofi paja langu. Maneno ya barazani yamemfikia! Mtu asiyebana waifai anamwita fundi wa nini?

Baadaye mkewe, Bi Mubaraka, akapanda kwetu na sahani ya bhajia. Akasema mumewe amesikia kwamba hatupati waifai, ameweka kisanduku kipya, anauliza kama sasa inashika. Nikajaribu mbele yake. Haishiki. Nikamwambia bado, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa lakini ana subira. Alisikitika sana. Nilimsikia akishuka ngazi, anasema peke yake, maskini Mejumaa.

Nimekula bhajia zote. Hazikushuka vizuri.

Ijumaa, 8 Agosti

Mejumaa amejifunza siku nzima. Amepanga vikombe sita mezani, ndio watoto, anavifundisha kuhesabu. Kimoja chenye ufa amekiita Sidi, jina la binti yetu, ambaye likizo hii yuko kwa bibi yake. Anakiuliza mbili na mbili ni ngapi. Kikikosa anakibembeleza kijaribu tena. Nilisimama mlangoni namtazama. Akifundisha sauti yake inabadilika. Miaka yote hii sikulijua hilo.

Aibu ilinivaa mwili mzima. Si aibu ya tepu. Ni aibu ya kumwona mtu anajiandaa kwa moyo wote kwa kitu ambacho mimi nimeshakiharibu.

Nikafungua kinywa nimwambie yote: barazani, jiwe, tepu, Zakir. Nikasema chai iko tayari. Haikuwa tayari. Hata maji sikuwa nimeinjika.

Kesho asubuhi nampelekea Kamaludin, kwa siri.

Jumamosi, 9 Agosti



Nilifika Majengo saa tatu. Kibanda cha Kamaludin kilikuwa kimejaa watu na simu zao. Zamu yangu ilifika saa saba kasoro. Nikamweleza kwa kirefu: Zakir, kisanduku kipya, kijicho, unyevu wa bahari. Nikasema nashuku kuna mtu anaifungia kwa mbali. Kamaludin alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaisogeza kompyuta puani, akainusa. Akaigeuza, akauliza tepu hii ya nini.

Nikasema kinga ya vumbi.

Akaibandua kwa ukucha, yote kwa mkupuo mmoja. Mchubuko ukaonekana, na pembeni mwa mchubuko kiswichi kidogo, hakizidi punje ya mchele. Akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba kompyuta za zamani zina swichi ya waifai ukingoni, na ya kwangu imezimwa. Ni kile kijiko! Nilipokuwa nakandamiza tepu niliisukuma nikaizima, kisha nikaifunika mwenyewe. Kamaludin akairudisha kwa ukucha ule ule. Taa ndogo ya buluu ikawaka.

Mama mmoja kwenye foleni akasema, pole mwanangu. Kamaludin akapuliza majivu, M ikarudi kazini, na nilipotia mkono mfukoni akanizuia. Alisema hawezi kumtoza mtu kwa kubanduliwa tepu.

Nikakimbia. Nilifika nyumbani saa nane kasorobo, nimelowa jasho, napanda ngazi naita jina lake. Chumba kitupu. Vikombe havipo.

Nikashuka. Mlango wa duka la Zakir umefungwa, na Jumamosi ndiyo siku yake kubwa ya wateja. Mwenyewe amekaa nje kwenye benchi. Anawarudisha wanawake waliofuata nyuzi, anawaomba waje jioni. Akapita mwenye mkokoteni anapiga kelele apishwe, Bwana Zakir akainuka, akamsihi apunguze sauti. Aliponiona akaweka kidole mdomoni. Akaninong'oneza kwamba Mama Sidi yumo ndani, wanamwita sasa hivi, amempa kompyuta yake ya dukani maana ya kwetu imekataa.

Nilisimama mbele yake na kompyuta ya kwetu mikononi. Akaiona ile taa ya buluu. Akauliza, uso wote furaha, kama imeshika. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema alhamdulillahi. Akasogea, akanipa nafasi kwenye benchi.

Tukakaa dakika arobaini, bega kwa bega, tunalinda kimya cha mtihani wa mke wangu, mimi na mtu niliyemchafua mbele ya watu saba. Tangu nizaliwe sijaona aibu kama ile.

Mejumaa akatoka na vikombe vyake kikapuni. Wamemwambia hapo hapo kwamba amefaulu. Atapata darasa lake. Bi Mubaraka alimkumbatia, Bwana Zakir akafuta miwani. Mimi nilisema hongera.

Ngazini nikaanza kumweleza mambo ya kijicho. Akasema ninyamaze. Akasema Jumanne asubuhi Chonga alimsimamisha njiani, akamuuliza kama kompyuta iliumia sana ilipoanguka. Tangu siku hiyo alikuwa akinisubiri niseme mwenyewe. Neno langu la Ijumaa hakulitegemea. Alhamisi alishazungumza na Bwana Zakir kuhusu kompyuta ya dukani. Ila ya kuanguka hakumwambia. Hayo aliniachia mimi.

"Nilikuuliza mara mbili, Baba Sidi," alisema.

Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Alisema hataki zawadi, hataki maelezo, anataka kitu kimoja: kesho niende nikamwombe radhi Bwana Zakir. Nikaapa.

Jumapili, 10 Agosti

Nimevaa kanzu. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: Bwana Zakir, nimekukosea, nimekusingizia mbele ya watu, kosa ni langu peke yangu. Mara kumi na moja, bila kukwama.

Akanikaribisha kwa heshima. Akaniuliza hali, na ya Sidi, na ya bibi yake Sidi. Bi Mubaraka akaleta chai ya maziwa. Nikaweka kikombe chini, nikakohoa.

Bwana Zakir akanishika mkono. Akasema kuna jambo linamkaa rohoni tangu katikati ya wiki. Amesikia nimeudhika, na nina haki ya kuudhika. Huenda kisanduku chake cha zamani kilikuwa kibovu siku nyingi naye hakujali, na kwa uzembe wake Mama Sidi nusura apoteze mtihani. Akasema sisi ni majirani, hakupenda nisikie uchungu kimya kimya. Akaniomba radhi. Machozi yalimlengalenga.

Nilikuwa na maneno yangu mdomoni, wallahi nilikuwa nayo. Lakini si adabu kumkatiza mtu mzima anapoomba radhi. Na alipomaliza alikuwa ananitazama, anasubiri jibu.

Nikamwambia yamepita. Nikamwambia nimemsamehe.

Alinishukuru kwa mikono miwili. Akanifungia haluwa, akanisindikiza mpaka mlangoni.

Mejumaa alikuwa amesimama juu ya ngazi. Akauliza kama nimemwomba radhi. Nikasema tumesameheana, nikampa haluwa.