Watoto Wangapi

Jamani, leo nimelia kwenye nyumba ya watu. Si yale machozi ya kufuta na kiganja ukasingizia moshi. Nimelia kwa sauti, mpaka majirani wakaja.

Niko mwaka wa kwanza chuoni hapa Makambako. Mwalimu wetu wa takwimu ametutuma tukatafute kaya ya kijijini ina watoto wangapi kwa wastani. Kaya zote za kijiji ndizo kundi zima. Huwezi kuzimaliza, kwa hiyo unachagua chache kwa mpangilio, na hizo ndizo sampuli. Idadi ya watoto ndiyo kigeu, maana inabadilika toka kaya hadi kaya. Rahisi. (Nilimweleza hivyo hata dada anayeniuzia chapati. Hakuwa ameuliza.)

Nikapangiwa kijiji cha Kichiwa. Nikavaa shati jeupe na tai, kwenye baridi ile, ili nionekane mtafiti. Nyumba moja naingia, kadhaa naruka. Asubuhi ilikwenda vizuri. Watu wanataja namba, naandika, naaga. Nikaanza kujiona profesa.

Ndipo nikaingia kwa mama mmoja aliyekuwa uani akichagua viazi vya mbegu. Nikamwamkia "kamwene", akaitikia, akanipa kigoda na kusema yeye ni Mama Baraka. Nikamuuliza ana watoto wangapi.

Akageuza kiazi mkononi. Kisha akauliza kama nataka waliopo au wote.

Hapo ningetulia. Badala yake nikanyoosha tai (naona aibu kuandika hili) nikamweleza kwamba utafiti hauhitaji maelezo marefu, anitajie namba kamili tu.

Akaweka kiazi chini.

"Baraka tulimzika mwaka jana," akasema. "Lakini mimi bado naitwa Mama Baraka. Sasa wewe msomi, utaandika wangapi?"

Kalamu ikagoma. Kwetu Wanging'ombe tulizaliwa watatu. Dada yangu alifariki nikiwa shule ya msingi. Tangu hapo wageni wakiuliza, baba husema wawili, mama husema watatu. Miaka yote nimekuwa nikidhani mama anakosea.

Nikataka kusema pole. Kilichotoka si pole. Kilitoka kilio, na kamasi, na tai ikapata kazi ambayo haikushonewa.

Mama Baraka, mfiwa mwenyewe, akanishika bega na kuanza kunibembeleza. Jirani akaja mbio, kajifunga kanga kiunoni, akauliza kwa sauti ya chini nani amefariki.

"Hakuna," Mama Baraka akamjibu. "Ni huyu mwanafunzi wa takwimu."

Wakaja wengine. Mzee mmoja alikuwa tayari ameshavua kofia. Ikabidi kila anayefika aelezwe upya, na kila akielezwa ananitazama mimi, kisha tai. Mwishowe nikapewa viazi vya kuchemsha na chai, nikaambiwa nile, njaa ya mjini ni mbaya. Nilikula. Mama Baraka akakaa karibu yangu akanisimulia jinsi Baraka alivyopenda kuimba kwaya akiwa hajui maneno, na kwa mara ya kwanza leo sikuandika kitu.

Nilipotulia nikampigia mwalimu, nikamuuliza niandike wangapi. Akauliza kama nilifafanua kigeu kabla ya kuondoka: watoto waliozaliwa, au walio hai? Nikasema hapana. Akasema kwa upole kwamba basi hata majibu ya asubuhi hatuyajui maana yake.

Nikamkumbuka bibi wa nyumba ya kwanza, aliyetazama mlangoni, kama anayemsubiri mtu, kabla ya kunijibu.

Kesho narudi kwenye nyumba zote kuuliza upya. Tai naiacha, nabeba taulo. Mwenye kucheka acheke leo hii, kesho aniombee.