Soneti ya Théodule de Courcelotte

Jumatatu, 11 Machi
Solange, mwalimu mwenzangu, amenichokoza mbele ya walimu wote, kahawa ingali mdomoni. Eti mimi najua kupasua mashairi ya watu tu, kutunga siwezi. Siwezi? Mimi, Anselme Bourdelin, fahari ya mji mzima wa Guéret! Nimerudi nyumbani nikatunga soneti kwa mkupuo mmoja. Juu yake nimeandika jina la mshairi wa kale niliyemzua mwenyewe: Théodule de Courcelotte. Wanafunzi wataichambua, wataisifu, na Ijumaa, mkaguzi wa shule akija kukaa darasani, nitatoboa siri. Solange atakosa pa kuficha uso.

Jumanne, 12 Machi
Nimegawa karatasi. Umbo halina kasoro: beti mbili za mistari minne, mbili za mistari mitatu. Nikatabasamu. Kisha Maëlys, binti wa dawati la mbele, akaanza kuhesabu mizani kwa vidole. Akasema mstari wa tano una kumi na tatu badala ya kumi na mbili. Nikamwambia moyo wa mshairi ulifurika. Akajibu, basi ulifurika na kwenye wa saba, wa nane na wa kumi na moja, Mwalimu. Darasa zima kicheko. Wivu tu!

Alhamisi, 14 Machi
Mambo yamezidi. Wanadai mstari wa tisa, pale soneti inapopaswa kugeuza mawazo, haugeuzi kitu: jamaa anaanza kujisifu juu, anaendelea kujisifu mpaka chini. Vina kavilazimisha. Mpenzi katajwa mara moja, tena kaitwa jibini la roho. Ile ni sitiari, washenzi nyie! Maëlys akauliza kama marehemu alikuwa mzima kichwani. Solange alikuwa akipita, akachungulia ubaoni, akacheka mpaka akashika mlango. Imeniuma, sikatai.

Ijumaa, 15 Machi
Mkaguzi alikaa nyuma, akiandika. Watoto wakaichanachana soneti yangu ubeti kwa ubeti. Nikafungua mdomo nitoboe siri. Nikaishia kufuta ubao.

Baada ya kipindi mkaguzi akanishika mkono, macho yanang'aa. Akasema hajapata kuona mwalimu jasiri hivi, wa kuwapa wanafunzi shairi bovu makusudi ili wajifunze makosa yote kwa pamoja. Anataka niwafundishe mbinu hiyo walimu wa wilaya nzima, Solange akiwemo. Na kama Courcelotte ana nyingine za aina hii, nizilete.

Bovu? Mzee wa watu hana sikio. Lakini anataka nyingine! Mshairi gani mwingine Ufaransa anaombwa kazi na serikali? Nimeshatunga tatu tangu chakula cha jioni, na hii ya mwisho, jamani, nimeisoma nikalia mwenyewe.