Kufunga Darasa la Good Morning

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyetuma udhuru; Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, uliyeahidi kuja endapo Mgeni Rasmi asingetuma udhuru; Mratibu Mkuu wa Idara ya Uwezeshaji wa Watu Wazima, ambaye ni mimi; Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye pia ni mimi, ila siku za Alhamisi; Bwana Msimamizi wa hoteli, uliyekaa peke yako mstari wa mbele na kalamu yako; akina mama wafuaji wa mashuka, wapiga pasi na wafagiaji wa vyumba, mliosimama kule nyuma kwa sababu viti ni vya wageni; na ninyi wageni ambao hamjafika: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, naomba izingatiwe sasa hivi. (Makofi ya mtu mmoja. Ni karani wa Mratibu.)

Ndugu zangu, leo Ijumaa, hapa uani kwa ofisi yetu, ni siku ya kihistoria, siku ambayo tunaufunga kwa kishindo Mpango Jumuishi wa Kusalimiana na Kujieleza kwa Kiingereza, kwa kifupi MJUKUKUKI. (Kicheko.) Msicheke, kifupi hicho kilituchukua miezi miwili. Mnakumbuka mwaka jana uongozi mpya wa hoteli ulivyotangaza kwamba ifikapo Jumatatu hii tunayoiendea, mfanyakazi asiyeweza kumwambia mgeni good morning, akataja jina lake, na akasema sentensi tatu za kazi anayoifanya kila siku, basi atawapisha wengine. Kuna waliolia. Mimi sikulia. Mimi niliunda kamati.

Kamati hiyo iliketi vikao thelathini na kimoja ikilichambua suala moja zito la kitaalamu, nalo ni je, mwanafunzi aanze na good morning au good afternoon, ikizingatiwa kwamba ofisi yetu hufunguliwa saa tano? Hatukukurupuka, maana haraka haraka haina baraka. Tulituma wataalamu wanane ng'ambo kwa wiki tatu wakashuhudie kwa macho yao jinsi wenye lugha wanavyosalimiana, nao wakarudi na ripoti ya kurasa mia mbili, yenye framework, roadmap na picha za chakula, inayothibitisha pasipo shaka kwamba watu wale husalimiana wanapokutana. (Mtu anakohoa. Mwingine anakohoa kumjibu.)

Ama kuhusu simple present, huo ndio wakati wa mambo tunayoyafanya kila siku, kwa hiyo msiuogope. Mama anaamka, anasema I wake up. Anafua, I wash. Na mimi ninayo simple present yangu: I launch, I cut the ribbon, I sit in front. Mradi huu nimeuzindua mara sita, na kila uzinduzi umeuzidi uliotangulia kwa matarumbeta. Takwimu zetu zinaonyesha kwamba tumewafikia walengwa kwa asilimia mia moja na nne. Zile nne za ziada ni watu waliokuwa wanapita njia. (Sauti kutoka nyuma: "Na mimi nilikuwa napita, nikaandikwa!") Asante kwa ushuhuda huo.

Lakini maneno matupu hayavunji mfupa. Naomba apite mbele Mama Mashuka, mfuaji wa miaka ishirini, aliyeandikishwa siku ile ya uzinduzi wa kwanza. Karibu mama, usitetemeke. Msalimie Bwana Msimamizi. (Mama Mashuka anajifuta mikono kwenye kanga. "Good morning, sir. My name is Mama Mashuka. I work in the laundry. I wash sheets. I start at six." Msimamizi anaitikia kwa kichwa na kuandika. Vifijo.) Mmesikia? Mmesikia jamani? Hiyo inaitwa impact! Sasa mama, waambie wageni, ni nani aliyekufundisha? Usione haya, nitaje tu. ("Mlinzi, mheshimiwa. Huyu wa getini kwenu. Anatufundisha pale kwenye ngazi tukitoka zamu. Darasa lina kufuli tangu siku mlipokata utepe." Kicheko kirefu.)

Kimya! Kimya, tafadhali. Kufuli ni ulinzi wa miundombinu, na miundombinu isiyotumika ndiyo inayodumu. Wewe mlinzi, hebu sogea tukuone. Naambiwa ulikuwa mhudumu wa behewa la chakula miaka kumi na minne, ukiwapelekea wageni chai na kuzungumza nao lugha yao. Hongera. Lakini kibali kiko wapi? Mtaala uko wapi? Unaandika kwa chaki kwenye ngazi za ofisi, mvua ikinyesha somo lote linakwenda na maji, na mimi nitaliwekaje hilo kwenye faili? ("Nilikuwa namshikia nafasi mwalimu wenu, mheshimiwa. Miezi kumi na moja hajatokea, na hawa mama walikuwa wanakuja wanakaa tu wanatazama kufuli. Roho ikaniuma.") Roho ikakuuma! Hapa hatufanyi kazi kwa roho, tunafanya kwa utaratibu. Kuanzia dakika hii umesimamishwa kazi, na ngazi zile ni marufuku kwa masomo ya aina yoyote. (Minong'ono. Mama Mashuka: "Jamani, kakosa nini?")

Yule anayenyoosha mkono ni nani? Shangazi wa Pasi? Sema, lakini kwa ufupi, maana muda si rafiki yetu. ("Mheshimiwa, nakuomba, usitufanyie hivyo. Mwenzangu amemaliza, mimi nimeishia kwenye jina. Hizo sentensi tatu alituahidi kesho na keshokutwa. Jumatatu nikikwama natolewa, na nyumbani watoto wa marehemu dada yangu wananitazama mimi. Mwache hizi siku mbili tu, halafu mfukuze.")

Shangazi, nimekusikia, na machozi yako nimeyapokea rasmi. Lakini hebu tufikiri kama stakeholders. Tukiruhusu watu wafundishwe bila mradi, si itaonekana mradi hauna kazi? Leo utafundishwa salamu na mlinzi, kesho utatibiwa na mpishi, na sisi wataalamu tuende wapi? Vumilia, awamu ya pili itaanza mwakani, na jina lako nitaliweka la kwanza. Bwana Msimamizi, nadhani hoteli inaweza kungoja mwaka mmoja? (Msimamizi anafunga kalamu. "Jumatatu iko palepale.") Mnaona? Wadau wetu ni watu wa msimamo, na sisi tunawapongeza.

(Mlinzi anavua kofia ya kazi, anaiweka juu ya meza kuu, anatoka getini. Shangazi wa Pasi anamfuata. Mama Mashuka anamfuata Shangazi. Kisha wote.)

Naam, tazameni nidhamu hiyo! Wanatoka kwa mstari, hakuna anayemsukuma mwenzake, jambo ambalo halikuwepo kabla ya mradi. Basi sisi tuliobaki tusherehekee. Nikisema MJUKUKUKI, mnaitikia Good Morning! MJUKUKUKI! (Karani anatazama viti vitupu.) Salamu ni maendeleo! (Karani: "Endeleza!") MJUKUKUKI! (Msimamizi naye amekwisha ondoka.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mwalimu wa mradi huu, ambaye hatukuwahi kumwajiri, kwa kutotusumbua hata siku moja. Navishukuru vitabu mia tatu ambavyo havikuandikwa, na mchapaji ambaye hakuviona. Nakishukuru chumba cha darasa, ambacho tangu mwanzo ni stoo ya mazulia na matarumbeta ya uzinduzi. Kwa ushirikiano wenu nyote, mradi huu umefika mwisho salama bila kupata usumbufu wa kuanza.

(Kutoka ng'ambo ya barabara, sauti za wanawake zinapanda pamoja, moja imetangulia, inayumba kidogo: "I iron sheets. I iron shirts.")

Mpiga picha! Hebu njoo haraka. Unawaona wale walioketi ukingoni mwa barabara, midomo wazi? Wapige hivyohivyo, hiyo ndiyo picha ya jalada la ripoti yetu. Yule mwanamume aliyesimama mbele yao na chaki, mkate atoke pichani. Asanteni kwa kunisikiliza.