Swali Moja kwa Fundi Seremala

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata akili. Baba hajanisemesha tangu nilipoacha shule nikatorokea kwa Baba Kijiko, mwaka wa pili huu. Lakini Baba ni seremala, na kila mteja anayeingia karakana humjibu swali moja. Moja tu, maana siku moja alipiga soga na mteja akajikata kidole. Na hadanganyi. Aliwahi kumwambia mtu kwamba kabati alilomuuzia yeye mwenyewe halitafika mwakani. Basi naenda kama mteja. Mteja hafukuzwi. Nitamuuliza: umenisamehe?

Jumatano, 5 Machi
Hilo moja halitoshi. Nimeandika: umenisamehe na kama bado ni lini na mjukuu unamtaka? Baba Kijiko akasema hayo ni matatu, mke wangu, mzee si mjinga. Nikamwambia alama ya kuuliza ni moja. Akacheka mpaka chai ikampalia. Wifi akadakia kutoka kibarazani, eti ningekuwa mwepesi wa maswali hivyo darasani, leo ningekuwa daktari. Imeniuma kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 7 Machi
Mazoezi. Nimeuliza mlango wa choo mara kumi. Mwanangu Kijiko alinipigia makofi, roho yangu. Halafu nikakumbuka rula ya mbao aliyonichongea Baba nilipoingia sekondari. Niliiacha juu ya kitanda nilipoondoka. Sikuaga hata.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeharibu. Niliingia na Kijiko mgongoni. Baba akaweka randa chini. Ameota mvi, na hakuna aliyeniambia. Akasema haya, mteja, uliza. Nikajisikia nauliza kitanda cha mtoto kinafaa mbao gani. Kitanda! Kijiko analala na sisi. Baba akajibu kwa kirefu: mbao laini hapana, zitaliwa na wadudu, na kingo ziwe za mviringo mtoto asijigonge. Akamlaza Kijiko juu ya meza ya kazi, akampima mara tatu, na mtoto mwenyewe ni kipande tu. Akataka kujua analalia ubavu gani. Basi. Swali langu limekwenda hivyo. Nimelia njia nzima.

Alhamisi, 20 Machi
Kitanda kimefika. Baba amekisukuma mwenyewe kwenye mkokoteni. Kingo laini kama shavu. Alikaa saa nzima akikaza skrubu huku Kijiko anamvuta sikio, akanywa vikombe viwili, akasema chai yangu bado ina sukari nyingi. Alipoondoka, Wifi akaniuliza sasa nataka jibu la namna gani tena, nipigiwe muhuri? Wifi haelewi mambo. Swali hajalijibu.

Nimepata akili nyingine. Jumamosi narudi karakana kama mteja mpya. Nitajitanda mtandio mpaka puani, asinijue. Kijiko nitamkanya njiani asimwite Babu.