Ombi la Kuishitaki Silinda ya Tatu

Candida Onesphory,
Darasa la Saba,
Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
Alhamisi, 12 Agosti 1976

Ndugu Afisa Ushirika,

YAH: KUOMBA SILINDA YA TATU ISHITAKIWE BADALA YA BABA YANGU

Shikamoo. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua ya kikazi haina shikamoo, lakini baba ameniambia mtu mzima haelezwi shida kabla ya kuamkiwa, hata kwenye karatasi. Nimeona nimtii baba, kwa kuwa ndiye anayefukuzwa kazi.

Baba yangu, Ndugu Onesphory, ni dereva wa Duka la Ushirika la mtaa wetu. Gari lake unalijua. Ulipokuja kutukagua mwezi uliopita ndilo lililokuwa likitetemeka mlangoni wakati wewe unakaribishwa chai: gari kuukuu la dizeli, ambalo umri wake unanizidi mimi. Kila asubuhi maji ya rejeta yanakutwa yamepungua, na kila asubuhi gari linagoma kuwaka. Jumamosi hii Kamati ya Duka itakaa kumfukuza baba kwa kosa la kuiba maji hayo. Akifukuzwa, tutarudi Kibosho kwa bibi, na mtihani wangu wa darasa la saba, ambao nimesajiliwa kuufanyia hapa, utanipita.

Malalamiko yangu nayaweka kwa namba, ili usipate taabu ya kuyajibu.

1. Kuhusu maji yenyewe. Tangu bomba la mtaa wetu likauke baada ya Pasaka, maji ya gari nayachota mimi, Gerezani kwenye nyumba za reli, kabla sijaenda shule. Nayabeba kichwani, baba anayamimina, rejeta inajaa mpaka shingoni. Asubuhi inayofuata yamepungua karibu nusu. Baba akaiuliza Kamati kwa upole, mtu anaibaje maji aliyoyaleta mwenyewe? Ndugu Bakili, Mwenyekiti, alimjibu mbele ya foleni ya sukari: "Huo ndio ujanja wenyewe, Onesphory! Unayaleta ili upate ya kuiba." Foleni nzima ilicheka. Hata mimi nilianza kucheka, mpaka nilipomwona baba akitazama viatu vyake.

2. Kuhusu mhuri. Kamati ilifanya uchunguzi, na naipongeza. Walichukua karatasi, wakaigonga mhuri wa Duka, wakaibandika kwa gundi juu ya mfuniko wa rejeta. Asubuhi karatasi ilikuwa haijaguswa, hata kona moja haijakunjika, ila maji yalikuwa yamepungua kama kawaida. Kwa akili yangu ya shule ya msingi nilidhani baba ameokoka. Kamati iliona zaidi ya nilivyoona mimi. Iliandika kwamba mwizi anayeiba bila kugusa mhuri ni mwizi mwenye ujuzi mkubwa wa magari, na mtaani kwetu mwenye ujuzi mkubwa wa magari ni dereva.

3. Kuhusu kusukuma. Gari likigoma, baba hutuita wanafunzi tunaopita, nasi tunalisukuma kutoka Sikukuu mpaka karibu na Msimbazi. Likiwaka hutoa moshi mweupe kama mtu ametia majani mabichi jikoni, hutetemeka na kukohoa, kisha likipata moto linatulia na kwenda vizuri tu. Tulipochelewa namba shuleni, tulimwomba Mwenyekiti atuandikie kibarua cha kueleza sababu. Alituambia tusilalamike, huo ni mchakamchaka. Kwenye taarifa ya Duka imeandikwa kwamba vijana wa mtaa wamejitolea kufanya mazoezi ya viungo kila asubuhi. Sisi hatupingi mazoezi. Tunauliza tu kwa nini wajumbe hukaa ndani ya gari tunapofanya mazoezi hayo.

4. Kuhusu sayansi. Mwalimu wetu anasema tutazame, tufikiri, tujaribu. Nikatazama: baba akijaza maji na kuwasha injini kabla ya kurudisha mfuniko, mapovu yanapanda ndani ya rejeta. Nikafikiri: hewa hiyo inatoka wapi? Baba anasema gasketi ya hedi, ile inayotenga maji na silinda, ikichanika, maji huingia kwenye silinda kidogo kidogo, na moto wa silinda huingia kwenye maji. Nikajaribu: nilichukua mfuniko wa sufuria nikauelekeza kwenye ekzosi asubuhi. Ulitoka na matone ya maji! Ulitoka na masizi pia, na mama alinieleza maoni yake kuhusu sayansi kwa muda mrefu. Lakini ushahidi ninao, nimeufunga kwenye gazeti.

Baba akaomba injini ifunguliwe. Kamati ikajibu kwamba injini ni mali ya umma, na mali ya umma haifunguliwi bila kikao, na kikao maalumu hakiwezi kukaa mpaka mjumbe aliyeko Kigamboni aletwe kwa gari.

5. Kuhusu mshitakiwa wa kweli. Kwa ushahidi wa namba 4, maji yananywewa na injini yenyewe. Baba ameisikiliza, anasema inayolala asubuhi ni silinda ya tatu. Tatu nyingine zinavuta gari, yenyewe imekaa, inasubiri wenzake wapashe moto ndipo iamke, na huku inakunywa maji ya wote. Tumefundishwa jina la anayekula bila kufanya kazi. Anaitwa kupe. Jina hilo Ndugu Bakili alimpa baba mbele ya wadogo zangu, na sasa wenzao wanawaita watoto wa kupe. Naomba jina hilo lirudi kwa mwenyewe. Silinda ya tatu iitwe mbele ya Kamati, isomewe mashitaka, ipewe nafasi ya kujitetea. Ikinyamaza, ichukuliwe kuwa imekiri, kama ilivyochukuliwa kwa baba aliponyamaza.

6. Kamati ikikataa namba 5, basi naomba iende mpaka mwisho wa imani yake. Ikiwa baba yangu anaweza, akiwa amelala kwetu, kuyatoa maji ndani ya chuma kilichofungwa kwa mhuri, mtu huyo si wa kufukuzwa. Ni wa kukabidhiwa kwa wahusika wa maji. Apelekwe Dodoma. Apelekwe Shinyanga. Mtu wa namna hiyo taifa limpate wapi tena, nasi tunamwachia apakie unga! Akimaliza huko, kama muda utaruhusu, alitazame na bomba la mtaa wetu.

7. Mwisho, kuhusu adhabu. Siombi huruma, naomba haki. Mwizi akipatikana, awe mtu au silinda, afukuzwe siku hiyo hiyo mbele ya foleni ya sukari. Na pamoja naye afukuzwe kila aliyefaidi maji hayo, mkubwa kwa mdogo, hata kama alifaidi kikombe kimoja tu. Jambo hili naliomba bila kupunguza neno.

Baba hajui yote niliyoandika. Jioni hulifungua boneti, akasimama akilitazama gari kama mtu anayemtazama mgonjwa wake. Jana aliniambia, "Mwanangu, gari hili kuna kitu linanificha." Hajasema hata siku moja kwamba Kamati inamwonea. Ndiyo maana nasema mimi.

Nisalimie watu wote wa nyumbani kwako na wa ofisini. Hapa Ndugu Bakili hajambo, wajumbe wote hawajambo, na Mzee Kitwana, mlinzi wa Duka, hajambo pia. Ndiye aliyekupikia ile chai. Majani ya chai yameadimika mtaa mzima, lakini chai ya Kamati haijawahi kukosa rangi, na sote tunamsifu kwa hilo.

Ni mimi, mwenye matumaini ya kukuona Jumamosi,

Candida Onesphory

Nyongeza, Ijumaa asubuhi:

Nilikuwa nakuja kukuletea barua hii, nikapitia uani kwa Duka mapema kuliko siku zote. Nilimkuta Mzee Kitwana amelala chali chini ya gari, birika mkononi, anafungua kile kikoki kidogo kilicho chini ya rejeta. Huko hakuna aliyebandika mhuri. Aliponiona alisema, "Usinitazame hivyo, mjukuu wangu. Bomba halitoi, na hawa wakubwa wasiponywa chai hawakai kikao. Halafu maji haya yana rangi yake tayari. Majani natia kidogo tu."

Kwa hiyo Kamati ilisema kweli tangu mwanzo: maji yaliibwa. Naiomba radhi.

Namba 4 naifuta. Nilipokwenda kuchota maji Gerezani nilimweleza Wilbert, fundi wa magari wa huko, akacheka mpaka akakaa chini. Mapovu ni hewa inayotoka rejeta ikijazwa upya, matone hutoka kwenye ekzosi ya gari lolote zima, na moshi mweupe ni dizeli isiyoungua kwa sababu plagi moja ya kupashia silinda moto imekufa. Namba 5 pia naifuta. Silinda ya tatu haikuwa kupe, ilikuwa inasikia baridi.

Namba 7 ndiyo naomba zaidi isisomwe. Nimeulizia. Ndugu Bakili hunywa vikombe vitatu kila asubuhi. Na wewe, Ndugu Afisa, siku ya ukaguzi ulikunywa viwili, ukasema hujapata kuonja chai yenye rangi kama ile.

Maji ya kesho nimeshayachota. Safari hii nimeleta ndoo mbili, moja ya gari na moja ya Kamati. Ya Kamati nimeifunika.